Waliopita Paa la Dunia

Wajemi waliiita milima ya Pamir Bam-i-Dunya, yaani paa la dunia. Neno la mwisho katika jina hilo halihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa sisi na wao tulilichota katika kisima kimoja cha Kiarabu. Mgeni akikaribishwa katika nyumba ya Mpamiri hupewa chai, na neno ni hilo hilo chai, ingawa wenyeji huitia maziwa, siagi na chumvi badala ya sukari. Tunaanza na mambo haya madogo kwa sababu milima tunayotaka kuieleza iko mbali sana nasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeikanyaga. Haya tunayoyaandika tumeyapata kwa kusoma na kwa kuulizana.

Kilichotusukuma kusoma ni swali moja. Tulipofundishwa historia ya Kanisa, njia ya Injili ilichorwa kwa mstari mmoja: Yerusalemu, Antiokia, Roma, Ulaya, na hatimaye meli zilizoileta kwenye pwani yetu. Hatukuambiwa kwamba mstari mwingine ulielekea macheo, ukapita Mesopotamia na Uajemi, ukaizunguka milima hii na kufika Uchina, na kwamba Kanisa lililoufuata lilienea katika eneo kubwa kuliko Kanisa jingine lolote la wakati wake. Wala hatukuambiwa kwamba mstari huo ulikatika. Bwana aliahidi kwamba Kanisa lake halitashindwa, lakini hakuutolea mji wowote hati ya kumiliki kinara. Makanisa ya Ufunuo yalionywa kwamba kinara kinaweza kuondolewa mahali pake. Tulitaka kujua huko kiliondolewaje, na kwa nini imani nyingine, katika mabonde yale yale, ikabaki.

Kwanza nchi yenyewe. Pamir ni fundo ambapo safu kubwa za milima ya Asia hukutana: Hindu Kush upande wa kusini-magharibi, Karakoram kusini-mashariki, Kunlun na Tian Shan zikielekea Uchina na Kirgizistan. Sehemu kubwa iko Tajikistan, katika mkoa wa Gorno-Badakhshan, nayo mipaka yake inagusa Afghanistan, Uchina na Kirgizistan. Kilele kirefu zaidi upande wa Tajikistan kina mita 7,495. Kiliitwa Stalin, kisha Ukomunisti, na sasa kinaitwa Ismoil Somoni, na kwa majina hayo matatu mtu anaweza kufundisha historia ya karne nzima ya nchi ile. Kilimanjaro yetu, kwa kulinganisha, ina mita 5,895. Mji wa Murghab, wenye shule, soko na watoto wanaocheza mpira, uko kwenye mwinuko wa mita 3,600 hivi, karibu sawa na kituo cha Horombo ambapo wapanda Kilimanjaro hulala wakihema na kuumwa kichwa. Barafu ya Fedchenko inateremka kwa urefu wa kilomita zipatazo 77, na nje ya ncha za dunia hakuna mto wa barafu unaojulikana kuwa mrefu kuliko huo.

Mkoa huo unachukua karibu nusu ya ardhi ya Tajikistan, lakini wakazi wake ni chini ya watu watatu katika kila mia wa nchi. Sababu huonekana kwa macho. Upande wa magharibi ni makorongo yenye kina, mito inayonguruma, na vipande vidogo vya udongo pale kijito kinapomwaga mchanga wake. Hapo ndipo watu hulima ngano na shayiri, na kupanda miaprikoti na miforosadi. Forosadi zikikauka husagwa kuwa unga, na miaka ya njaa unga huo ndio ulioziokoa familia. Upande wa mashariki ni mabonde mapana yaliyo juu sana, makavu, yenye upepo, na ndiyo hasa wenyeji huyaita pamir. Huko ngano haioti. Wakirgizi huchunga kondoo, mbuzi na yaki, ng'ombe wale wenye manyoya ya kufagia ardhi.

Marco Polo alipita huko katika miaka ya 1270. Aliandika kwamba juu kule hakuona ndege, kwamba moto hauwaki kwa nguvu na chakula hakiivi vizuri, akadhani ni kwa sababu ya baridi. Alikosea sababu, hakukosea alichokiona: hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha kuivisha nyama. Alieleza pia kondoo wa mwituni wenye pembe kubwa mno, na hadi leo kondoo hao huitwa kwa jina lake. Wengi walimwita mwongo. Kondoo wapo.

Hatuwezi kuiacha Badakhshan bila kutaja jiwe lake la buluu. Upande wa Afghanistan, katika bonde la mto Kokcha, yako machimbo ya Sar-i Sang. Kwa maelfu ya miaka jiwe la lapis lazuli lilichimbwa huko na kubebwa migongoni mwa wanyama hadi Uru ya Wakaldayo na Misri ya Mafarao. Katika kitabu cha Kutoka, wazee wa Israeli walipomwona Mungu mlimani, chini ya miguu yake palikuwa kama sakafu ya yakuti samawi. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba jiwe linalotajwa pale ni hili la buluu. Baadaye wachoraji wa Ulaya walilisaga kutengeneza rangi iliyouzwa kwa bei ya kushindana na dhahabu, nao wakaitunza kwa ajili ya joho la Bikira Maria. Kwa hiyo Mkristo aliyepiga magoti mbele ya picha ya Mama Maria huko Firenze au Siena, bila kujua, alitazama udongo wa Badakhshan. Mchimbaji aliyeupasua mwamba hakupata kuiona picha hiyo.

Watu wa mabonde ya magharibi ni wa makabila kadhaa: Washughni, Warushani, Wawakhi, Waishkashimi, Wayazgulami, na ng'ambo ya mpaka wa Uchina, Wasarikoli. Lugha zao ni za ukoo wa Kiirani wa mashariki, na zimeachana kiasi kwamba Mshughni na Mwakhi wakikutana hulazimika kutumia Kitajiki, ambacho ni Kiajemi, ili wasikilizane. Bonde na bonde hutenganishwa na miamba iliyofungwa na theluji miezi mingi, basi kila bonde likalea lugha yake. Sisi tunaotoka katika nchi zenye lugha zaidi ya mia tunaelewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Tunaelewa pia jambo la mipaka. Mwishoni mwa karne ya 19 Urusi ilikuwa ikishuka kutoka kaskazini na Uingereza ikipanda kutoka India. Zikaogopa kugusana. Kwa mapatano ya mwaka 1873 na tume ya mpaka ya mwaka 1895, zilikata ukanda mwembamba wa Wakhan na kuupa Afghanistan, ili himaya mbili zisipakane. Mto Panj ukawa mpaka. Kabla ya hapo mto ulikuwa wa kuvuka kwenda harusini kwa shemeji. Baada ya hapo, na hasa wakati wa utawala wa Kisovieti, ndugu waliweza kuona moshi wa jiko la ndugu zao ng'ambo na wasiweze kwenda kuwazika. Daraja lililojengwa karibu na Khorog mwaka 2002 lilikuwa jambo kubwa kuliko vyuma vyake.

Na ardhi nayo haitulii. Februari 1911 tetemeko liliangusha mlima juu ya kijiji cha Usoi, kikafunikwa chote. Kifusi kikaziba mto Murghab, maji yakapanda, na kijiji kingine, Sarez, kikazama taratibu katika ziwa ambalo bado lina jina lake. Ukuta huo wa kifusi una kimo cha zaidi ya mita 500. Wanaoishi chini yake hulala wakijua kilichoko juu.

Sasa tufike kwenye imani. Wapamiri wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, na wenyewe husema imani yao waliletewa na Nasir Khusraw. Alizaliwa mwaka 1004, akawa karani katika utawala wa Waseljuki, mtu wa kalamu na wa mvinyo. Alipofika umri wa miaka 40 hivi aliota ndoto iliyomwamuru aache pombe na atafute hekima. Akafunga safari ya miaka saba, akahiji Makka, akakaa Kairo ya Wafatimi, akarudi kwao akiwa mhubiri wa Kiismailia. Kwao wakamkataa, maisha yake yakawa hatarini, akakimbilia Yumgan, katika bonde lile lile la Kokcha lenye jiwe la buluu. Humo aliandika vitabu na mashairi hadi kufa. Katika mashairi yake anaililia Yumgan kama gereza. Hakujua kwamba gerezani mle ndimo atakamopata watoto wa kiroho ambao baada ya miaka 900 wangali wakiimba kwa rababu wakimtaja kwa jina.

Imani hiyo ilikaa wapi? Jibu la swali hilo lilituchukua muda, kwa sababu tulitafuta majengo. Kwa vizazi vingi Wapamiri hawakuwa na majengo makubwa ya ibada. Imani ilikaa ndani ya nyumba. Nyumba ya Kipamiri huitwa chid, nayo kwa nje ni boksi la mawe na udongo tu, lakini ndani paa lake huinuliwa na nguzo tano. Kila nguzo ina jina: Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husain. Katikati ya paa kuna tundu la mwanga lililozungukwa na miraba minne ya mbao, mmoja juu ya mwingine, nayo husemwa kuwa ni ardhi, maji, hewa na moto. Wasomi hudhani kwamba umbo hilo ni la kale kuliko Uislamu wenyewe, na kwamba Waismailia walilikuta wakalipa maana mpya. Mtoto aliyezaliwa humo alijifunza majina matakatifu kabla hajajua kusoma, kwa kuegemea. Msiba ulipokuja waliimba humo usiku kucha. Utawala wa Kisovieti ulipoipiga vita dini, ulifunga misikiti na makanisa nchi nzima. Kuzing'oa nguzo za kila nyumba haikuwezekana.

Hapa kuna uhusiano na Afrika Mashariki ambao hatukuutazamia. Waismailia wa Pamir humfuata imamu mmoja na wale wa Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, yaani Aga Khan. Aga Khan wa tatu ndiye aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Mjukuu wake, Aga Khan wa nne, aliishi sehemu ya utoto wake Nairobi. Mwaka 1992 Tajikistan iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Gorno-Badakhshan, ambayo wakati wa Wasovieti ilipewa sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, ilikatiwa barabara wakati wa baridi inakaribia. Kuanzia 1993 Taasisi ya Aga Khan ilipeleka chakula kwa malori kutoka Osh, kupitia barabara ile ya juu iliyojengwa na Wasovieti katika miaka ya 1930. Wakapewa Waismailia, na Wakirgizi wa Murghab ambao ni Wasuni wakapewa vile vile. Kisha mashamba ya ushirika yakagawiwa kwa wakulima, na mavuno yakaongezeka. Aga Khan alipofika mwenyewe Mei 1995, watu walimsubiri katika viwanja vya wazi, na siku hiyo mpaka leo wanaiita Siku ya Nuru. Tulipoisoma habari hii baadhi yetu tulinyamaza kidogo. Ni rahisi kwetu kusimulia jinsi Wakristo walivyowalisha wengine. Kusimulia jinsi wengine walivyolishana kunahitaji moyo wa namna nyingine.

Lakini Kanisa? Mwaka 424 mji wa Merv, uliokuwa magharibi ya milima hii katika nchi inayoitwa sasa Turkmenistan, ulikuwa tayari na askofu aliyehudhuria sinodi ya Kanisa la Mashariki. Hili ndilo Kanisa ambalo wengine waliliita la Wanestori, kwa jina la ugomvi ambao wao wenyewe hawakuuanzisha. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili na Patriarki Mar Dinkha wa Nne walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu Kristo, miaka zaidi ya 1,500 baada ya kutengana. Samarkand ilipata askofu mkuu wake. Patriarki Timotheo wa Kwanza, aliyeongoza tangu mwaka 780 hadi 823 na aliyejadiliana na khalifa wa Baghdad juu ya imani kwa heshima inayostahili kuigwa, aliandika katika barua zake kwamba mfalme wa Waturuki amepokea Injili, na kwamba anaandaa askofu kwa ajili ya Tibet. Hebu mtu azitazame njia hizo katika ramani. Askofu aliyetumwa kutoka Mesopotamia alitembea miezi mingi, na barua ya kuuliza jambo la nidhamu ya Kanisa ingerudi na jibu baada ya mwaka au zaidi.

Wala hawakuwa wavivu wa lugha. Karibu na Turfan, Wajerumani waliochimbua mwanzoni mwa karne ya 20 walipata mabaki ya maktaba ya monasteri: zaburi, masomo ya Injili, maisha ya watakatifu, katika Kisiria na pia katika Kisogdi, lugha ya wafanyabiashara wa njia ya hariri. Marco Polo naye aliwakuta Wakristo hao Kashgar na Yarkand, mguuni mwa Pamir upande wa Uchina, na Kashgar walikuwa na makanisa yao.

Kisha makaburi. Mwaka 1885, katika bonde la Chuy huko Kirgizistan, kaskazini ya Pamir, wakulima na watumishi wa serikali ya Urusi walianza kuokota mawe yenye misalaba. Yalipatikana zaidi ya 600. Maandishi ni ya Kisiria, mengine ni Kituruki kwa herufi za Kisiria, na tarehe huhesabiwa kwa kalenda ya zama za Aleksanda pamoja na majina ya wanyama ya Waturuki, mwaka wa chui, mwaka wa sungura. Kati ya mawe 467 yenye tarehe kamili, kuanzia 1248 hadi 1345, mawe 118 ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339. Baadhi yanataja wazi kilichowaua, neno la Kisiria lenye maana ya tauni. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza kwamba meno ya watu waliozikwa hapo yana mabaki ya kijidudu cha tauni, na kwamba ni wa ukoo wa ile iliyokuja kuiteketeza Ulaya miaka michache baadaye. Wakristo hao wa milimani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa kwa ugonjwa huo unaojulikana na ulimwengu wote, na majina yao yalisubiri miaka zaidi ya 500 mtu ayasome.

Tauni peke yake haikulimaliza Kanisa. Watawala wa Kimongoli walisilimu mmoja baada ya mwingine. Nasaba ya Ming ilipoingia Uchina mwaka 1368, njia zikabana. Timur akapita na vita vyake. Lakini vita na tauni viliwapiga Waislamu pia, nao walibaki. Tulivyobishana sisi, tuliishia kwenye jambo ambalo hatulitangazi kuwa ni uamuzi wa wanahistoria, ila ndivyo tunavyoona. Kanisa la Mashariki katika nchi hizi liliishi katika miji ya misafara na katika hema za wafalme. Lilifuata barabara, nalo lilitegemea barabara. Maaskofu walitoka mbali, vitabu vilitoka mbali, na ingawa zaburi zilitafsiriwa, sala kuu za Liturujia zilibaki Kisiria, lugha ya mji uliokuwa umbali wa miezi. Barabara ilipokatika, mshipa ulikatika. Ile imani ya Yumgan ililetwa na mkimbizi mmoja asiye na barabara, ikalazimika kukaa nyumbani kwa watu. Mmoja wetu alipinga akisema kwamba mawe 600 ya makaburi si ushahidi wa imani isiyokuwa na nyumba; watu hawachongi msalaba juu ya mtoto wao kwa ajili ya biashara. Ana haki. Hatukumaliza ubishi huo, nasi tunauacha hapa kama ulivyo.

Zilipita karibu karne tatu kabla Mkristo mwingine ambaye jina lake tunalijua hajaivuka Pamir. Alikuwa bruda wa Kijesuiti, Bento de Goes, Mreno wa visiwa vya Azores, aliyezaliwa mwaka 1562. Alikwenda India akiwa askari, huko akaacha silaha na kuingia shirikani. Wakuu wake walikuwa wakisikia kwa wafanyabiashara habari za nchi iitwayo Cathay, yenye Wakristo wengi. Matteo Ricci, aliyekuwa Beijing, alikuwa akiandika kwamba Cathay ni Uchina ile ile aliyomo yeye. Nani angethibitisha? Bento akatumwa kwa miguu. Aliondoka Agra mwaka 1602, na Lahore mapema mwaka uliofuata, akiwa katika msafara wa watu wapatao 500. Ilikuwa miaka kumi tu tangu Wareno wenzake waanze kujenga Fort Jesus kule Mombasa.

Alifuga ndevu na nywele, akavaa kama mfanyabiashara wa Kiarmenia, akajiita Abdullah Isai. Msomaji wetu ataielewa maana yake mara moja: mtumishi wa Mungu, mtu wa Isa. Hakuficha kwamba ni Mkristo; alificha tu kwamba ni Mreno. Pamoja naye alikwenda Muarmenia wa kweli, Isaka, mtu mwenye mke aliyemwacha India. Wengine walioanza nao walirudi njiani. Isaka hakurudi.

Huko Kabul walikutana na mama wa mtawala wa Khotan, aliyekuwa akirejea kutoka Makka na ameishiwa fedha. Bento alimkopesha, bila riba. Kisha wakapanda. Maelezo yaliyobaki yanasema kwamba kwenye uwanda wa juu wasafiri walishindwa kupumua, na dawa yao ilikuwa vitunguu saumu na tofaa zilizokaushwa; wanyama walisuguliwa ufizi kwa vitunguu saumu. Karibu na Sarikol theluji iliwafunika siku kadhaa, na katika msafara watu waliganda wakafa. Farasi walikufa kwa baridi na kwa kukosa malisho. Isaka alianguka katika mto, akatolewa akiwa kama maiti, na Bento alikaa naye saa nyingi mpaka pumzi ikarudi.

Walifika Yarkand Novemba 1603, wakangoja huko mwaka mzima msafara wa kwenda mbele. Yule mama wa Khotan alilipa deni lake kwa mawe ya jade, na jade ndiyo bidhaa iliyowafungulia njia ya Uchina. Humo Yarkand mtu mmoja alimwekea Bento upanga kifuani akimtaka amtaje Mtume Muhammad. Hakumtaja, na upanga haukushuka. Mbele zaidi, katika mji wa Karashahr, mtawala wa Kiislamu alimketisha ajadiliane na wanazuoni wake, akamsikiliza hadi mwisho. Tunayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu waandishi wetu wa kidini hupenda kuchagua moja.

Karashahr ndiko walikokutana na wafanyabiashara Waislamu waliokuwa wakirudi kutoka Beijing. Hao walisema kwamba walikaa nyumba moja ya wageni na mapadre fulani wenye saa na vyombo vya muziki, wakatoa karatasi waliyoiokota kwenye takataka za chumba chao. Ilikuwa na maandishi ya Kireno. Bento akajua. Cathay haikuwa nchi nyingine, na wale Wakristo wengi wa Cathay hawakuwapo, au walikuwapo zamani.

Angeweza kurudi. Aliendelea mpaka ukuta mkuu wa Uchina, akafika Suzhou ya Gansu, mji unaoitwa leo Jiuquan, mwishoni mwa mwaka 1605. Humo alikwama. Barua zake zilichelewa, fedha ziliisha, akaugua. Ricci alipopata habari alimtuma bruda kijana wa Kichina, naye akafika siku chache tu kabla ya mwisho. Bento alikufa tarehe 11 Aprili 1607, bila padre wa kumpa sakramenti, katika mji ambao Wakristo pekee walikuwa yeye na wawili waliomshika mikono.

Aliandika kumbukumbu za safari yote. Ndani yake yalikuwamo madeni ambayo wenzake wa msafara walimwia kwa ajili yake, na mara alipokufa waliikamata daftari wakaichana. Isaka na yule bruda walikaa miezi mahakamani wakidai mali iliyoporwa, wakaokoa vipande vya karatasi walivyoweza. Kisha wakaenda Beijing. Ricci akaviunga vipande na maneno ya Isaka, na kila tunachokijua leo kuhusu Bento de Goes kuvuka Pamir kimetoka hapo, katika karatasi zilizoraruliwa na katika kumbukumbu ya Muarmenia mmoja asiye na cheo.

Isaka alikaa Beijing mwezi mmoja hivi. Akateremshwa Macau, akapanda meli ya kurudi India. Njiani Waholanzi waliiteka meli, na Wareno wa Malaka wakamkomboa. Alipofika India alipata habari kwamba mke wake amekwisha kufa. Hakuendelea tena na safari ya kwenda kwao bara; alibaki Chaul, mji wa pwani, akaishi huko.